Ruhusa ya Kusalimia

Solène Delbos alivaa gauni la kijani, akalivua, akavaa la bluu, akalivua nalo, kisha akarudi kwenye lile lile la kijani. Shangazi yake Odile alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na vibanio vya nywele mdomoni. Uvumilivu ukamwishia.

"Wewe mtoto, hilo gauni litapauka kabla hujachumbiwa."

"Niambie ukweli, Shangazi. Napendeza?"

"Unapendeza, lakini waendeshaji wameshavuka mto. Unataka Corentin akukute langoni na shimizi?"

Solène alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Alikuwa na ile furaha ya kijinga inayomjia mtu mara moja au mbili maishani, furaha isiyotaka kuulizwa maswali. Leo angechumbiwa mbele ya kijiji kizima, katikati ya mbio za baiskeli, na mwanamume aliyeahidi kusimama kwa ajili yake.

Anayeona hilo ni jambo dogo hajakulia Montsavel. Kila Agosti, siku ya sikukuu ya kijiji, mbio zile hupanda kutoka mtoni, hupita mbele ya lango la kasri ambalo ukoo wa Delbos umekuwa ukishika funguo zake tangu zamani, kisha huteremka moja kwa moja hadi Castelvert, kwenye mstari wa mwisho. Mwendeshaji hasimami. Akiumwa na nyigu hasimami. Kuna jambo moja tu linaloweza kumsimamisha, nalo halijaandikwa mahali popote: mbio zikipita nyumbani kwa mmoja wao, wenzake hupunguza mwendo, humwacha atangulie peke yake, ashuke, ambusu mama yake, anywe funda moja la divai, mpaka wao wafike wamchukue tena. Wakati yuko mbele hakuna anayemkimbiza, na yeye hakimbii. Waendeshaji huiita ruhusa ya kusalimia, na wanaiheshimu kuliko wanavyoheshimu waamuzi.

Tatizo lilikuwa kwamba Corentin Lafaye hakuwa mtu wa Montsavel. Alitoka Bretagne, mbali kaskazini, akaja kufanya mazoezi kwenye milima ya huku, akapanga chumba kwa Shangazi Odile, akaenda kununua tiketi ya kuingia kasrini. Akanunua tiketi siku ya pili, na ya tatu, mpaka Solène akamwambia, "Kaka, kuta ni zile zile za jana." Naye akajibu bila aibu, "Mimi sijaziangalia bado." Basi, yakaanzia hapo.

Aliyeyakataa alikuwa baba.

Firmin Delbos mwenyewe alikuwa mwendeshaji wa mbio ujanani, na usiku ule Solène alipomwambia anataka kuolewa na Corentin, mzee aliweka kijiko chini, akasukuma bakuli la supu.

"Tafuta mwokaji mikate. Tafuta daktari wa ng'ombe. Hata mwanasheria nitamvumilia."

"Baba, humjui."

"Simjui yeye, nawajua wao. Nimekula nao, nimelala nao chumba kimoja. Mwendeshaji akiona mbele kweupe, hamkumbuki hata aliyemzaa."

"Mbona wewe ulimkumbuka Mama?"

"Mimi sikushinda hata mara moja, Solène. Unadhani ni kwa nini?"

Wakakaa wiki nzima wakisalimiana kama wapangaji. Mwishowe Corentin alikuja mwenyewe jikoni, kofia mkononi, akasimama mbele ya mzee.

"Mzee Firmin, unasema sisi hatusimami. Siku ya sikukuu mimi nitasimama. Langoni pako. Nitashuka, nitapiga goti, nitakuomba binti yako mbele ya kila mtu."

"Katikati ya mbio?"

"Katikati ya mbio."

Firmin akainuka, akapiga simu kwa Roumagne, mwendeshaji mkongwe kuliko wote, ambaye neno lake ndilo linalofuatwa barabarani. Solène alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

"Ndiyo, Lafaye... Najua si wa hapa... Hapana, sikiliza, ni wa nyumbani." Mzee akashusha sauti. "Ni mwanangu."

Alipokata simu, alikwenda kusimama dirishani akajifanya anaangalia mabata. Solène alimkumbatia kwa nyuma. Hakuwa na kaka, na neno lile baba yake hakuwahi kumpa kijana yeyote.

Na asubuhi hii hii, kabla ya mbio kuanza, Corentin alipita uani na baiskeli yake. Alikuwa mwembamba, amechomwa na jua, macho ya kijivu yasiyotulia. Akapigapiga mfuko wa nyuma wa jezi.

"Iko hapa. Pete ya bibi yangu. Ipo kati ya ndizi na keki ya wali."

"Usije ukaila."

"Nikikosea nikakuvisha ndizi, utanikubali?"

"Nitakukubali. Nenda, utachelewa."

Akambusu kwenye paji la uso, akaondoka. Solène alibaki ameshika mahali palipobusiwa, hata paka wa jirani akamshangaa.

*

Saa tisa alasiri, mbele ya lango, palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe. Juu yake Firmin alipanga glasi na chupa ya divai ya jozi aliyoitengeneza mwaka aliozaliwa Solène. Mzee alikuwa amevaa jezi yake ya zamani, iliyokuwa imembana tumboni mpaka kitovu kinajichora. Watu walijaa pande zote za barabara, na kwa vile kila mtu alijua, kila mtu alikuwa na la kusema.

"Firmin! Vuta pumzi, jezi itapasuka kabla mkwe hajafika!"

"Ikipasuka utashona wewe."

"Solène, ukimkataa, mimi nipo hapa!"

"Wewe una mke, Gaspard!"

"Mke wangu yupo hapa, muulize kama atakataa kuniachia!"

Wakacheka wote, pamoja na mke wa Gaspard. Kisha kutoka bondeni ukasikika mlio wa pikipiki inayotangulia mbio, na watu wakanyamaza.

Akatokea kwenye kona, peke yake.

Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya usukani, akipanda taratibu kama mtu anayerudi kutoka sokoni. Alipoona umati akainua mkono. Kijiji kikalipuka kwa shangwe. Firmin akavua kofia. Shangazi Odile alikuwa ameshaanza kulia, na alikuwa ameapa hatalia.

Solène akajisogeza hadi ukingo wa barabara. Alisikiliza sauti moja tu. Viatu vya mbio hunasa kwenye pedali, na anayetaka kushuka huzungusha kisigino, kiatu kikaachia kwa mlio mfupi, *tak*. Mtoto wa mwendeshaji anaijua sauti hiyo kabla ya kujua kusoma. Utotoni ndiyo iliyomwambia kuwa baba amerudi. Alikuwa akiisubiri sasa, na Corentin alikuwa amekaribia kiasi cha kumwona jasho kidevuni, na sauti haikuja.

Macho yao yakakutana. Baadaye, kila alipoulizwa, Solène alisema kuwa hapo ndipo alipojua. Corentin alimtazama kwa upendo, hilo hakulikana hata siku moja. Lakini alimtazama kama mtu aliye dirishani mwa treni iliyokwisha kuanza kuondoka. Kisha macho yale ya kijivu yakahama, yakapita bega lake, yakapita meza na chupa na baba yake, yakaenda kutua kwenye barabara tupu iliyoteremka upande wa pili.

Akainama. Mikono ikashuka chini ya usukani. Akanyanyuka kwenye tandiko, akakanyaga kwa nguvu zake zote, akapita.

Kitambaa cha meza kilitikisika kwa upepo wake.

"Anatania huyo," Gaspard alisema. "Atageuza pale kwenye msalaba wa kando ya njia. Mtamwona."

Walimwona akipita msalaba. Walimwona akizama kwenye mteremko, kichwa kimelala kwenye usukani. Mtu mmoja alikuwa bado anapiga makofi, akaacha.

Halafu wengine wakaja. Walikuja wamelegea, wanapiga soga, mmoja anatafuna mkate, mwingine amefungua zipu ya jezi mpaka tumboni. Walikuja kama watu wanaokwenda harusini, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wameambiwa. Roumagne alikuwa mbele, mwenye mvi kando ya masikio, akitabasamu. Akaangalia meza. Akaangalia glasi zilizojaa.

"Bwana harusi yuko wapi?"

Firmin alinyoosha kidole kuelekea mteremko wa upande wa pili.

Tabasamu la Roumagne liliondoka polepole. "Mzee Firmin," alisema, na afadhali angetukana, "ulituambia ni mwanao."

Akapiga mluzi. Mkate ukatupwa, zipu zikafungwa, minyororo ikalia, na kundi zima likatimka kwa matusi ambayo Mungu ndiye anayejua kama yalimfikia aliyekusudiwa. Lakini kutoka Montsavel hadi Castelvert ni mteremko mtupu, na aliyetangulia ametangulia.

*

Kipaza sauti cha kijiji kilipotangaza mshindi, Shangazi Odile alianza kukusanya glasi.

"Acha," Firmin alisema.

"Kaka, tuingie ndani. Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Magari ya vijana wale yako kijijini, lazima warudi kupitia hapa. Niliwapa neno langu. Nitawaangalia usoni."

Solène alikuwa amekaa kwenye jiwe la lango, mahali anapokaa kila siku kuchana tiketi. Hakuwa analia. Alikuwa akifanya kazi ngumu kuliko kulia: alikuwa akimtetea. Labda breki zilikataa. Labda pete ilidondoka njiani akaona aibu. Labda alidhani wenzake wako nyuma yake wanamkimbiza. Kila sababu aliyoitunga aliiamini kwa dakika moja, halafu akaona yale macho yakipita bega lake, akaanza kutunga nyingine.

"Shangazi, labda hakutuona vizuri."

Odile alifungua mdomo, akamtazama mtoto wa watu, akaufunga. Badala yake alimwekea shali mabegani, ingawa kulikuwa na joto.

Roumagne na wenzake walirudi jua likiwa bado juu ya mnara wa kasri. Walipanda kimya, nyuso zimekauka chumvi ya jasho. Firmin aliingia katikati ya barabara na chupa yake, wakasimama. *Tak, tak, tak*, viatu vyote vikaachia, na Solène akafumba macho.

"Vijana," mzee alisema, "niliwaambia ni mwanangu. Sina mwana wa kiume. Nimewaharibia mbio na nimeharibu kitu kilichokuwepo kabla sijazaliwa. Nisameheni."

Roumagne alipokea glasi kwa mikono miwili.

"Mzee, wewe hukutudanganya. Ulidanganywa kwanza, sisi tukafuata. Kunywa na sisi."

Walikuwa wakinywa alipotokea Corentin.

Alipanda akiwa amelaza shada la maua ya ushindi kwenye usukani, jezi ile ile mwilini, uso unang'aa. Aliona watu, aliona glasi, na kwa sekunde moja, jamani, nadhani aliamini wanamsubiri yeye. Akashuka. Hakuna aliyemkaribisha. Akapita katikati yao kama hawapo, moja kwa moja hadi kwenye lile jiwe.

"Solène! Nimepata! Bwana mmoja anayesajili waendeshaji alikuwa pale mstarini, ameniona nikifika peke yangu. Mkataba, Solène! Timu kubwa! Umeelewa? Hatutapanga chumba cha mtu tena."

"Ulipita," Solène alisema.

"Najua. Najua nilipita. Lakini nimefanya kwa ajili yetu."

"Baba alivua kofia, Corentin. Alivua kofia, ukampita."

"Nitamwomba radhi. Mzee, nakuomba radhi, hapa, mbele ya watu." Firmin hakugeuka. Corentin akarudi kwa Solène, sauti imeshuka, ile sauti aliyokuwa akimbembelezea kwenye vichochoro vya kasri. "Mpenzi wangu, nisikilize. Wewe ni mtoto wa mwendeshaji, utanielewa kuliko mtu yeyote. Nilikuja kusimama. Naapa. Mguu nilishaulegeza. Nikaiona ile barabara tupu, damu ikanipanda kichwani. Haikuwa mimi. Ilikuwa sekunde moja."

"Hukupanga?"

"Ningepangaje? Wewe unanifahamu."

Na hapa niseme ukweli, maana kumficha itakuwa kumdhulumu: moyo wa Solène ulimwendea. Ulikuwa umechanika na bado ulimwendea. Sekunde moja ya wazimu mtu anaweza kuisamehe. Watu wamesamehe makubwa kuliko hayo na wakazaa watoto na kuzeeka pamoja. Odile aliona shali likiteleza kutoka mabegani mwa binti, akajua anataka kusimama.

Corentin naye aliliona. Akapiga goti kwenye changarawe, akamnyooshea maua.

"Nimechelewa, lakini nimekuja. Solène Delbos, nikubali niwe mume wako."

Solène aliyatazama maua, hakuyapokea. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, vidole vimeachana kidogo.

"Nivishe," alisema.

"Nini?"

"Pete. Nivishe pete."

Corentin hakuinua mkono wake. Damu iliyokuwa imemjaa usoni kwa ushindi ikashuka taratibu.

"Ipo... ipo kwenye begi langu. Kwenye gari la timu yangu."

"Uliiweka lini?"

"Solène..."

"Jezi ni hiyo hiyo. Mfuko ni huo huo. Uliiweka lini kwenye begi?"

"Asubuhi. Kabla sijaja kwenu. Ni pete ya bibi yangu, niliogopa itadondoka kwenye mwendo kasi."

"Mwendo kasi gani? Ulikuwa unakuja kusimama."

Corentin aliyageuzageuza maua mkononi.

"Na pale uani uliponipigia mfuko," Solène aliuliza, polepole sana, "ulikuwa unapigapiga nini?"

Corentin aliinamisha kichwa. Lilitoka jibu dogo, lililosikika kwa sababu tu hakuna aliyekuwa anapumua.

"Ndizi."

Siku nyingine kijiji kingecheka mwezi mzima. Hakuna aliyecheka. Shangazi Odile aligeukia ukuta.

Solène alishusha mkono. Alikuwa ameona kila kitu sasa, kwa utaratibu wake: jikoni na kofia mkononi, simu ya baba, busu la paji la uso. Huyu mtu alihitaji wenzake wapunguze mwendo. Alihitaji mlango ambao mgeni hafunguliwi, akatafuta mwenye funguo. Kama alimpenda, na alimpenda, upendo huo haukumzuia kumtumia. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Kama angekuwa tapeli tu, angemtukana na kulala vizuri.

"Inuka," alisema. "Unachafua goti."

"Nipe nafasi, Solène. Nipige, nitukane, lakini nipe nafasi."

"Baba yangu alikuombea ruhusa ya kusalimia. Alikuita mwanawe ili uipate. Mpaka sasa hujaitumia." Akavuta shali, akajifunika mabega. "Itumie. Nisalimie, halafu uende zako."

Corentin alisimama na maua yake. Akatafuta uso wa kumtetea, akaanzia kwa Odile, akaja kwa Roumagne, akamalizia kwa mzee. Hakuupata. Salamu yenyewe haikutoka.

Ndipo Roumagne aliposhika baiskeli yake akaivuta kando ya barabara. Aliyekuwa nyuma yake akaivuta ya kwake. Mmoja baada ya mwingine wakasogea, bila kuamriwa na mtu, mpaka barabara ikabaki wazi katikati. Walikuwa wanampisha. Walimpa tena kile walichompa alasiri, na safari hii hakuna aliyemwahidi kumfuata.

Aliweka maua chini, karibu na jiwe. Akapanda. Kiatu kikanasa kwenye pedali, *tak*, ile sauti aliyoisubiri Solène mchana kutwa, ila hii ilikuwa ya mtu anayeondoka. Akapita katikati yao, peke yake, taratibu. Kwenye kona aligeuka nyuma, kama waendeshaji wanavyogeuka kuangalia wenzao wamefika wapi. Hakukuwa na mtu nyuma yake.

Firmin alikuja akakaa kwenye jiwe, jezi yake imepasuka ubavuni. Hakusema kwamba alimwonya. Alimimina divai iliyobaki kwenye glasi moja, akampa.

"Baba," Solène alisema, "lile neno 'mwanangu' ulilompa..."

"Nimelichukua."

"Ulilitunza miaka yote."

"Sikumpa yeye, mama. Nilikupa wewe."

Hapo Solène akaweka glasi chini na kulia, kwa sauti, mbele ya kijiji kizima. Hakuna aliyemwambia anyamaze.